Baada ya Mikate Kumwagika

Nina mdomo, sikatai. Mimi ni fundi cherehani, na mteja akiniletea kitambaa cha mita mbili huku anataka gauni la mita nne, namwambia palepale akanunue kingine au akapunguze mwili. Kaka yangu, ambaye nyumbani tunamwita Meneja kwa sababu anapenda kuamrisha watu ambao hawalipi, husema ulimi wangu utakuja kuua mtu. Nilikuwa nacheka. Asubuhi ninayotaka kuwasimulia, ulikaribia kumuua baba.

Baba ana sukari. Ninaishi naye tangu mama afariki, na kila siku saa moja asubuhi namdunga sindano ya insulini kabla hajala. Muuguzi aliyenifundisha alinikazia macho. "Ukishamdunga, hakikisha amekula ndani ya nusu saa. Asipokula sukari itashuka. Atatetemeka, atachanganyikiwa, kisha atazimia. Na akizimia mahali asipoonekana, dada, hapo tena tusidanganyane." Nilimwelewa. Kwa miezi kumi na minne sikukosea hata siku moja.

Siku hiyo nilimdunga, nikamwekea chai, mayai na mkate mezani. Nilikuwa na haraka zangu. Sare thelathini za shule zilitakiwa saa nne, na tisa bado hazina mikono. Baba akashika kikombe, akakirudisha kwenye kisahani, akaanza.

"Siku hiyo tajiri alinipakilia mikate arobaini..."

Jamani, hadithi hiyo! Tumezaliwa tukaikuta. Baba ni kijana, anapeleka mikate ya tajiri wake madukani kwa baiskeli. Anashuka mteremko wa sokoni na kasha la mikate nyuma, kamba inakatika, na kwa kuwa mikate yenyewe ni ya mviringo, inabingirika mtaa mzima. Mmoja unampita mbwa, mbwa anaufuata. Mwingine unapita mbele ya mlango wa kinyozi, na mteja aliyekuwa kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja, anatoka mbio na shuka shingoni kuufukuza. Hapo kwa yule mteja ndipo sote tunapopiga kelele, "Tunajuaaa!" tunacheka, tunainuka mezani. Aliyeanza alikuwa mama. Kila baba alipofika pale, mama alisema, "Basi, tunajua," akaanza kukusanya vyombo. Sisi watoto tukaudaka msemo huo, ukawa mchezo wa nyumbani. Mgeni akija tulimfundisha pa kupigia kelele. Mke wa Meneja aliujua huo mchezo kabla hajajua chumvi tunaiweka wapi.

"Baba, kula," nikamwambia.

"Nakula. Tajiri akaniambia, wewe kijana..."

"Baba! Hiyo tunaijua mpaka mwisho. Kula kwanza!"

Akanitazama. Tangu mwaka jana amekuwa akichanganya miaka. Siku nyingine akiamka hajui kama ni leo au ni zamani, na macho yake huwa kama ya mtu anayesoma bila miwani. "Mpaka mwisho?" akauliza.

"Mpaka mwisho, na pindo lake, na kiraka chake!" Nikageuka kwenda chumba cha mbele, kwenye sare zangu. Alisema jambo nyuma yangu, lakini mguu ulishakuwa kwenye pedali, na ile cherehani yangu ikianza husikii hata radi.

Saa mbili kasorobo nikarudi. Chai imejaa, imefanya utando. Mayai yako vilevile, mkate hata kona haijamegwa. Kiti kitupu, mlango wa uani uko wazi. 

Nilimwita chumbani, chooni, uani, kwa jirani. Hakuna. Nikampigia Meneja. "Umemwachaje atoke?" akafoka.

"Nitukane baadaye! Atakwenda wapi?"

"Alikuwa anasema nini?"

"Hadithi yake ileile."

"Basi ameenda kiwanda cha mikate au mteremkoni. Nachukua gari." Mara hii sikumbishia amri yake. Nikatia chupa ya juisi na kopo la sukari mfukoni mwa aproni, nikatoka na kandambili. Nilimuuliza mwenye duka, nikamuuliza fundi baiskeli, nikamuuliza kila niliyekutana naye. Umemwona mzee mrefu, shati la bluu? Hawakumwona.  Muuguzi alisema nusu saa, na hii ilikuwa saa nzima.

Meneja akapiga. Sauti yake haikuwa na umeneja hata kidogo. "Dada, hayupo. Kiwandani siku hizi wanauza vigae, hakuna aliyemwona. Mteremko nimeushuka na kuupanda mara mbili. Sasa twende wapi?"

 Watoto wawili wazima, baba mmoja, na akili yetu yote ilikuwa imeishia kwa mtu aliyenyolewa nusu kichwa.

Nikamkumbuka fundi viatu. Ana kibanda chake pembeni mwa ukuta wa duka la dawa, na baba hukaa naye kila alasiri. Nilimkuta anapiga soli, misumari midogo imejipanga mdomoni.

"Baba amepita hapa?"

"Amepita." Akagonga msumari. "Nimemwita, hakusimama. Akasema amechelewa."

"Amechelewa wapi?"

"Si kule kwenye habari yake ya mikate."

"Kule kote kaka ameshapita! Kiwandani hayupo, mteremkoni hayupo."

"Huko ni mwanzo," akasema. "Atakuwa baada ya mikate."

"Baada ya mikate kuna nini?"

Akaacha nyundo. Akatoa misumari mdomoni mmoja baada ya mwingine, akaipanga juu ya kopo. "Wewe si binti yake?" akaniuliza.

Nimetukanwa na wateja wa kila aina, lakini hakuna aliyenichoma vile. "Nitajie mahali," nikasema.

"Hakuwahi kupataja jina. Huwa anaeleza njia tu. Nami naijua kama alivyonipa, kuanzia mwanzo. Ukinikata katikati napotea."

"Mzee wangu, baba anakufa!"

"Basi keti, usinikate." Akafumba macho, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba kabisa, na ule mvuto wa pumzi kabla ya kila jambo. "Siku hiyo tajiri alinipakilia mikate arobaini. Akaniambia, wewe kijana, ukirudi na mkate mmoja wenye vumbi, usirudi..."

"Hapo paruke! Nenda moja kwa moja..."

Akafumbua macho. Akatafuta alipoishia, akapakosa. Kisha, yaani sitasahau, akavuta pumzi akaanza tena: "Siku hiyo tajiri alinipakilia mikate arobaini."

Nilitaka kumrukia. Saa ya duka la dawa ilisema saa mbili na dakika ishirini na tano. Mbele ya macho yangu nilimwona baba ameanguka mtaroni, watu wanampita wakidhani amelewa. Nikajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, nikaketi juu ya debe, nikasikiliza. Kamba ikakatika. Mbwa akapita. Kinyozi akatoka na wembe mkononi. Mteja akakimbia na shuka lake. Nikahesabu pumzi zangu ili nisiseme.

"Watu wakacheka," fundi viatu akaendelea, "na mimi nikacheka nao. Kisha nikaanza kuokota. Nikaokota mikate thelathini na minane, nikaipangusa mmoja mmoja kwa shati, kwa kuwa nilimwogopa tajiri. Ikanichukua nusu saa. Na alfajiri ile mke wangu alikuwa ameshikwa na uchungu, uzazi wake wa kwanza, na nilimwahidi nitapitia kwake kabla ya dukani. Nikavuka daraja la reli. Nikapita nyuma ya tangi kubwa la maji. Nikafika kwenye mlango mdogo wa wodi ya wazazi, wenye ngazi tatu. Mkunga akanikuta pale ngazini. Akasema, alikuwa wa kike. Amekaa robo saa, ameondoka. Nikaketi. Sikuingia mpaka jua linazama. Na mke wangu hakuniuliza nilikuwa wapi, maana habari ya mikate ilikuwa imeshafika wodini, watu wanaisimulia na kucheka."

Fundi viatu akafumbua macho. "Mwisho wake ndio huo," akasema kwa sauti yake mwenyewe.

Sikumbuki kama nilimshukuru. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia, huku nampigia Meneja. "Hospitali ya zamani ya wazazi! Mlango wa nyuma! Njoo!" Na nikikimbia nilikuwa nalia, kwa hofu na kwa aibu. Meneja, anayejivunia kuwa kifungua mimba hadi kwenye vikao vya watu, hakuwa kifungua mimba. Mama aliposema "Basi, tunajua," hakuwa amechoka wala hakuwa anatania. Alikuwa anaomba isiendelee. Sisi tukaigeuza kauli yake kuwa kiitikio, tukamwimbia mezani miaka yote. Na baba kila mara alianzia kwenye vichekesho kwa sababu hakuwa na mlango mwingine wa kuingilia, na kila mara tulimfungia palepale mlangoni.

Kandambili moja ilibaki kwenye daraja la reli. Nikapita nyuma ya tangi la maji. Hospitali ilihamishwa zamani, jengo limebaki ghala la madawati mabovu, lakini ule mlango mdogo upo, na ngazi zipo tatu. Baba alikuwa ameketi ya katikati. Shati limelowa jasho limemganda mgongoni, mikono inatetemeka, midomo imekuwa na rangi ya jivu. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano.

"Sista," akaniambia, "nakuomba niingie."

"Baba, ni mimi. Kunywa hii." Nikamfungulia juisi, nikampelekea mdomoni. Akabana meno, akageuza uso.

"Sijaja kunywa. Nimekuja kumwona mtoto."

"Baba, kunywa!" Nikamshika kidevu. Mzee wa miaka sabini na minne, anatetemeka vile, bado alinisukuma mkono na juisi ikamwagika robo nzima. Nikapiga kelele, nikamwambia asiwe mkaidi, nikamwambia atakufa. Kadiri nilivyopandisha sauti ndivyo alivyozidi kubana meno, na kope zake zilianza kulegea. Hapo nikajua kwa hakika kwamba nikiendelea kuwa mimi, nitampoteza.

Nikaketi chini kwenye ngazi, karibu naye. "Mtoto nimemwona," nikasema.

Akageuka. "Umemwona?"

"Nimemwona. Kunywa kidogo nikwambie."

Akanywa funda moja, macho hayatoki usoni kwangu. "Yukoje?"

 Fundi viatu alinipa maneno mawili tu, wa kike na robo saa. Nikachukua ninachokijua, yaani nguo. "Tumemfunga kwenye flaneli ya manjano," nikasema. "Pindo lake limeshonwa kwa mkono, mshono si mzuri sana, ila imara. Mama yake ndiye aliyeshona. Kunywa."

Akanywa. "Mama yake hajui kushona."

"Ndiyo maana mshono si mzuri. Kunywa tena. Ana nywele nyingi, zinafika mpaka kwenye paji. Kucha zake ndogo kama punje za mchele. Alilia mara moja tu, kisha akanyamaza, akawa anatazama dirisha."

"Alikuwa peke yake?"

"Hata kidogo. Muda wote alikuwa kifuani kwa mama yake, hakuwekwa kitandani hata dakika moja. Maliza hiyo, baba."

Alipomaliza nikamkorogea sukari kwenye chupa ileile kwa maji ya bomba la nje ya ghala, nikaendelea. Nilimwambia jinsi mama alivyomwimbia, na jinsi wanawake wa vitanda vya jirani walivyonyamaza ili wasikie. Nilimwambia mama alimnong'oneza mtoto kwamba baba yake ni mtu wa mikate, ana harufu ya mkate hata siku ya mapumziko, na yuko njiani anakuja. Sijui nilivitoa wapi. Nilikuwa naogopa kunyamaza, maana kila niliponyamaza chupa ilishuka.

Polepole mikono ikatulia. Rangi ikarudi midomoni. Akanitazama miguuni. "Mwanangu, kiatu kingine kiko wapi?"

Nikamkumbatia, nikalia kama mtoto, makamasi na yote. Akaniacha nilie. Kisha akauliza, taratibu, na sauti yake ilikuwa ya leo, siyo ya zamani: "Hayo ya flaneli nani alikusimulia? Mama yako?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na mama hayupo wa kukanusha. "Hakuna aliyenisimulia, baba. Mpaka hapa ngazini nimepewa na fundi viatu. Ya ndani nimeyatunga mwenyewe."

Baba akautazama ule mlango. Gari la Meneja likafika, akashuka mbio, akaacha mlango wazi, akafungua kinywa kutoa amri. Baba akainua mkono kumnyamazisha, akamwonyesha ngazi ya chini akae. Meneja akakaa.

"Najua umeyatunga," baba akaniambia. "Endelea."