Ndege Iliyotakiwa Kukatwa

Sindano hakuwa rubani wala mhandisi. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, mwanamke wa miaka hamsini na minane, na jina hilo alipewa na kaka yake, fundi wa ndege mstaafu ambaye naye watu walimwita Spana. Kwa miaka sita ndugu hawa walikuwa wakiifufua ndege kuukuu ya mabawa manne, mawili juu na mawili chini, iliyobeba barua na dawa kabla wao hawajazaliwa. Uwanja wa ndege uliwaachia kwa maandishi, ikiwa imesahaulika kwenye banda la mwisho, njiwa wakitaga ndani ya injini.

Sindano alipomaliza kushona kitambaa cha bawa la nne, alituma picha kwenye kundi lao la simu, la wapenzi arobaini na mmoja wa ndege za kale, ambao wengi hawakuwahi kuonana. Majibu yakamiminika. Mwalimu wa fizikia alionyesha usukani wa ndege aliouokoa kwenye stoo ya shule. Dada mmoja mchomeleaji akatuma picha ya mkia wa ndege yake. "Hongereni," aliandika. "Sisi huku kutu bado inatunyanyasa."

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Jumatatu meneja mpya wa uwanja alibandika tangazo: mabanda ya zamani yanavunjwa, pajengwe maegesho ya magari. Ikifika Ijumaa saa sita mchana, chombo chochote kisichoweza kujiondoa chenyewe kitahesabiwa chuma chakavu na kukatwa.

Wakamfuata ofisini. Meneja alikuwa wa rika la watoto wao, lakini hakuwaamkia.

"Wazee wangu, lile ni bati tu, tusidanganyane," alisema.

"Ni mbao na kitambaa," Sindano alijibu. "Ukitaka kuitukana, mwanangu, itukane kwa usahihi."

"Tangazo limeshatoka, mama."

Nje, Spana aliketi kwenye ngazi. "Yamekwisha, dada. Lori la kuibeba hatuna."

Sindano alikuwa akilisoma tena tangazo, neno kwa neno. "Kaka, wameandika kujiondoa. Hawakuandika kuruka."

"Injini haijawaka tangu tuanze kuifufua. Haina hata magneto ya kutoa cheche."

"Basi tuitafute."

Akaandika kwenye kundi. Kabla ya jioni mchomeleaji alijibu kwamba marehemu mjomba wake alimwachia magneto ya injini kama ile. Kesho yake alipanda basi, akaipakata saa tisa za safari kama mtoto mchanga.

Alhamisi waliifunga kwenye injini. Spana aliizungusha rafadha, ule upanga wa mbele wa ndege, kwa mikono mpaka kifundo cha mkono kikavimba. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza.

"Mzee mwenzangu hataki," alisema.

"Anataka, shikamoo yake ndiyo hatujaitoa vizuri," mchomeleaji alisema. Asubuhi ya Ijumaa alifungua kifuniko, akakuta nyaya mbili zimepishana. Akazirudisha kila moja mahali pake.

Saa tano na nusu wakataji waliwasili na mitungi yao ya gesi, meneja mbele yao. Sindano alikuwa ameshaketi ndani ya ndege, maana Spana lazima awe kwenye upanga. Chombo pekee alichowahi kuendesha maishani ni cherehani.

Mara ya nne, injini ikawaka. Vumbi la miaka likapaa mpaka darini.

"Fungeni mlango," meneja aliamuru.

Mkubwa wa wakataji, mzee mwenye miwani ya kuchomelea kipajini, aliitazama ndege, akamtazama bosi. "Mkuu, hii inatembea. Tangazo lako linasema kisichoweza kujiondoa." Akaenda mlangoni akausukuma, si kuufunga bali kuufungua mpaka mwisho.

Spana aliondoa kabari za magurudumu. Ndege ikasogea, ikatoka juani, ikipepesuka kama mlevi, mpaka kwenye nyasi. Hapo injini ikazima yenyewe. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne.

Meneja alifika akitweta. "Na hapa haitakaa."

"Andika tangazo lingine," Sindano alisema. "Nalo tutalisoma."

Hakuandika. Mkulima anayepakana na uwanja aliwapa pembe ya shamba lake, lakini kabla banda jipya halijaezekwa mvua ilinyesha siku tatu na kuharibu mabawa mawili. Sindano alilia kidogo, kisha akachana kile kitambaa chote na kuanza upya.

Maegesho yalipokamilika, meneja aliwaandikia kwa adabu, akiomba ndege ije ipambe sherehe ya ufunguzi. Spana alimsomea dadake ile barua.

"Tumjibuje?"

"Mwambie siku hiyo tuna kazi," alisema Sindano, akatunga uzi sindanoni.