Mstari wa Chokaa

Kimombo cha Phares kilikuwa kimoja tu, na alikitumia kutisha watu. "Toe the line!" alibweka akimwaga chokaa kuchora mstari wa kila mgombea kwenye uwanja wa shule kule Makongeni. Ulikuwa uchaguzi wa mlolongo, mwaka wa themanini na nane. Kila mpiga kura alisimama nyuma ya picha ya mgombea wake mchana kweupe, majirani wote wakimtazama.

Kavutha alijua maana ya maneno hayo. Mumewe Mativo, karani wa reli, alikuwa amemweleza wakinywa chai. "Mzungu akikwambia uguse mstari kwa vidole vya miguu, anataka utii bila kuuliza."

"Basi gusa, Baba Mbithe," Kavutha alimsihi. "Watakuvunja, na nyumba ya reli tutaikosa."

Mativo alimaliza chai yake, akachukua brashi ya viatu.

Kwa siri, Kavutha akapatana na Phares, kiongozi wa vijana wa chama: yeye angesimama kwa Wanyoike, mgombea wa wakubwa wa chama, na mumewe asiguswe. Ndiyo maana sasa alikuwa kwenye mlolongo mfupi wa Wanyoike, roho mkononi. Ule wa mpinzani wake, mwalimu Ndeti, ulizunguka uwanja mzima, na mbele kabisa, kiatu juu ya chokaa, alisimama Mativo. Jinga la mume! Alimpenda hadi akatamani kumzaba kofi.

Phares alimwendea Mativo akicheka. "Karani, hebu tuone hivyo vidole." Akamvua kiatu, akashusha rungu. Mifupa ikaalika. Akashusha tena. Mativo alipiga yowe, akaanguka, na vijana wakamrukia kwa mateke ya mbavu.

"Phares, tulipatana!" Kavutha alipiga kelele.

"Mathe, angalia mbele! Rudi laini!"

Kavutha aliokota jiwe, akampiga nalo mdomoni. Phares alitema meno na damu. Kijana mmoja akamcharaza Kavutha mgongoni kwa mnyororo wa baiskeli, lakini hakugeuka. Alimwinua Mativo kwa makwapa.

"Ulikuwa umesimama wapi, Mama Mbithe?"

"Kwa Wanyoike." Aibu ilimchoma kuliko mnyororo. "Sasa niko hapa."

Afisa wa uchaguzi hakuhesabu mtu hata mmoja. Alitazama mlolongo mfupi, akautazama ule mrefu, kisha akamtangaza Wanyoike mshindi. Kavutha hakusogea. Alikuwa amemshikilia mumewe, na mguu uliopondwa ulikuwa bado umekanyaga chokaa ya Ndeti.