Ukuta Nyuma ya Rejeta

Siku nne kabla ya Noruzi, Mwaka Mpya wa Kiirani, Fundi Yadollah alifunga koki zote mbili za rejeta ya sebuleni, ile ya maji moto inayopasha nyumba joto, akatega beseni chini ya nati, akailegeza kwa spana. Maji meusi kama wino yakatoka. Yalipokwisha, yeye na mwenye nyumba, Haji Bahlul, waliinyanyua rejeta ile ya chuma kutoka kwenye vishikizo vyake, wakailaza juu ya magazeti. Tabriz nzima ilikuwa ikisugua, ikifua na kupaka rangi. Hakuna aliyetaka wageni wa Mwaka Mpya waone madoa ya mwaka wa zamani.

Ukutani, mahali ilipokuwa rejeta, alikuwapo Solmaz, binti wa nyumba hiyo, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Alivaa koti lake la kahawia, na theluji ilikuwa mabegani. Alikuwa amekunja magoti, kwa sababu rejeta ile ni fupi.

"Mama," fundi alimwuliza Golandam, mke wa Haji, "huyu nimpake rangi juu yake, au nimzunguke?"

"Mzunguke."

"Mpake," alisema Haji Bahlul, akarudi kwenye chai yake.

Fundi akapaka. Rangi ilishika ukuta wote, ila kwa Solmaz iliteleza, ikachuruzika hadi sakafuni. Alijaribu tena, kisha akafuta brashi.

"Rangi haishiki penye maji, Haji. Theluji inamyeyukia. Mpaka akauke kwanza."

"Atakauka lini?"

"Akiingia ndani. Huyu bado yuko nje."

Golandam hakuhitaji kuambiwa. Solmaz aliolewa na dereva wa lori wa mji wa Khoy bila ridhaa ya baba yake. Jioni moja ya theluji alirudi peke yake kuomba radhi, na Haji Bahlul akamfungulia mlango. "Karibu," alisema. "Nisikusumbue, baba," binti akajibu, kama adabu inavyotaka. "Karibu." "Nisikusumbue." Kila mtu Tabriz anajua kwamba karibu ya kwanza ni ya mlango, ya pili ni ya majirani wanaosikiliza, na ya tatu ndiyo ya mgeni. Mtu mwenye malezi haingii kabla ya ya tatu, na Solmaz alikuwa na malezi. Baba yake ndiye aliyempa. Akangoja. Ya tatu haikuja. Golandam alikuwa nyuma ya mumewe, mikono imejaa unga, naye alinyamaza, kwa sababu mke hamtangulii mume mlangoni. Basi alilopanda Solmaz kurudi Khoy lilipinduka njiani.

"Haji, mkaribishe," Golandam alisema sasa. "Maneno matatu hayatakuvunja mguu."

"Nilisema mawili. Mwenye haja angeingia."

"Haji wewe! Huyu ni mtoto wako, hata ukijifanya humjui!"

Haji Bahlul aliweka glasi ya chai chini. Alikwenda hadi ukutani, akakohoa.

"Karibu."

"Nisikusumbue, baba," alisema Solmaz. Sauti yake ilikuwa ileile.

"Karibu."

"Nisikusumbue."

Golandam aliuma ncha ya ushungi wake. Midomo ya Haji Bahlul ilifunguka. Kisha akamwona fundi amesimama na brashi mkononi, anamtazama.

"Imebaki moja tu, Haji," fundi alinong'ona.

"Wewe umekuja kupaka rangi au kuhesabu?" Akarudi kwenye zulia, akaketi. "Rudisha rejeta. Haitaonekana."

Golandam akapiga magoti mbele ya ukuta. "Karibu, mwanangu. Karibu. Karibu. Karibu mara mia."

Solmaz alitabasamu, lakini hakusogea. "Si wewe uliyenizuia, mama," alisema, na Golandam akaona bora angemtukana.

Rejeta ikarudishwa. Fundi alifungua koki, akatoa hewa mpaka ikaacha kufoka, akaenda zake bila kunywa chai.

Mwaka Mpya ukaingia, na wageni wakaja. Waliusifu ukuta, wakauliza fundi ni nani. Wifi mmoja alisema rejeta inavuja.

"Haivuji," alisema Golandam, aliyekuwa sakafuni na tambara.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Sattar, jirani aliyewahi kumburuta Haji Bahlul mahakamani na kumwita mwizi mbele ya mtaa mzima.

"Karibu," alisema Haji Bahlul.

"Nisikusumbue, Haji."

"Karibu."

"Wallahi napita tu."

"Karibu!" Haji Bahlul alimshika mkono, akamvuta ndani, akamvua koti kwa mikono yake mwenyewe, akamketisha pale penye joto, kando ya rejeta. "Kaa, bwana. Nyumba ni yako. Karibu, karibu."

Golandam alikamua tambara, akasogea kumpisha mgeni.