Nambari Kumi na Nne

Madawati kumi na manane yalikuwa yamepangwa kuzunguka darasa, na juu ya kila dawati kulikuwa na kitambaa cha meza kilichodariziwa, isipokuwa moja. Nyanchera alisimama nyuma ya dawati hilo, mikono mgongoni kama walivyofundishwa, akitazama karatasi iliyobandikwa mbele yake: 14. Nzi alitembea kwenye mbao tupu, akazunguka, akarudi. Hata nzi alikuwa na kazi siku hiyo.

Mtahini wa sayansikimu alikuwa amekuja kutoka Nairobi kwa Landrover. Aliitwa Bi Persis. Alipita dawati kwa dawati akikigeuza kila kitambaa upande wa nyuma, maana huko ndiko uvivu wa mshonaji unakojificha. Nyuma yake alifuata hedimasta, Bwana Angwenyi, mzee wa kanisa, na nyuma ya hedimasta Mwalimu Drusilla, aliyefundisha somo hilo bila kusomea ualimu. Barua yake ya kazi iliandikwa upya kila muhula. Hedimasta ndiye aliyeiandika, akipenda.

"Nambari kumi na nne, kazi yako iko wapi?"

"Nilishona, madam. Kitambaa cha yadi mbili, nimekidarizi pindo lote. Kilichukuliwa siku ya harambee."

"Na nani?" Aliyeuliza hakuwa mtahini. Alikuwa hedimasta, na aliuliza kwa upole.

Nyanchera alimgeukia. "Wewe ulisema mgeni wa heshima alikipenda, sir."

"Sikia huyu! Mtu mkubwa wa serikali atoke kwake aje kuiba kitambaa cha mtoto wa wachonga mawe wa Tabaka?" Bwana Angwenyi alicheka, akamgeukia mtahini ili acheke naye. "Madam, hawa watoto ukiwanyima fimbo kidogo, wanakuwa hivi. Mtu hajafanya kazi, anatafuta wa kusingizia."

Bi Persis hakucheka. "Mwalimu, wewe ulikiona?"

Drusilla alikuwa amekiona. Ndiye aliyekipima kila mwezi kwa utepe wake, na ndiye aliyemfungulia hedimasta kabati siku ile ya harambee. Alimtazama hedimasta, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Tonge lilikuwa limemziba mdomo.

"Nakumbuka alianza," alisema. "Sikumbuki kama alimaliza."

Kalamu ya Bi Persis iliandika: Hakuleta kazi. Sifuri. Kisha akaenda kwa nambari kumi na tano, akasifu mishono yake.

Alianza, eti. Nyanchera alikishona kitambaa kile mihula mitatu. Kitambaa chenyewe, cha amerikani, mama yake, Kemuma, alikipata Kisii mjini katika duka la Mariam, kwa kubadilishana na bakuli sita za mawe. Nakshi haikutoka katika kitabu chochote. Yalikuwa ni yale majani na samaki ambayo baba yake, Ombati, alikuwa akiyachonga kwenye midomo ya bakuli zake kule Tabaka, hadi vumbi jeupe la mawe lilipomjaa kifuani na kumlaza chini. Bakuli zake zilipanda meli zikaenda Ulaya. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika hata Kisumu.

Mama alibaki na karai. Alisugua mawe ya wachongaji wengine kwa msasa na maji, asubuhi hadi jioni, na ncha za vidole vyake zikalainika hivi kwamba akitia kidole gumba kwenye wino, karatasi inapata doa tu. "Hili karai lisikuone," alimwambia bintiye alipoleta barua ya chuo cha ualimu. Barua ilisema nafasi ipo, mradi afaulu sayansikimu. Na ushonaji ulikuwa nusu ya sayansikimu.

Siku ya harambee ya kuchangia shule, vitambaa vyote kumi na vinane vilitandikwa mbele ya wageni. Vilirudi kumi na saba, vina mafuta ya nyama. Nyanchera alipokwenda ofisini kuuliza chake, aliambiwa, "Mgeni amekipenda. Sisi Wagusii tunamnyima mgeni? Shona kingine."

Kingine! Na mtihani umebakiza wiki tatu! Mtu asiyejua kutia uzi kwenye tundu la sindano alimwambia hivyo, akarudi kwenye gazeti lake.

Basi darasa lilipokwisha kukaguliwa, Mwalimu Drusilla alimkuta Nyanchera akiwa bado amesimama pale pale.

"Twende jikoni, omwana one, mwanangu. Mgeni atakula kwa hedimasta."

"Mimi, mwalimu? Mimi niliyepata sifuri?"

"Hakuna mwingine anayejua kuku kama wewe." Drusilla alimnyoshea aproni. "Usinitazame hivyo. Nina watoto watatu."

Nyanchera alitaka kumtukana. Badala yake alijifunga aproni, kwa kuwa kesho yake ulikuwa mtihani wa kupika, na wa kuutia sahihi alikuwa huyu huyu mwalimu. Alimkatakata jogoo wa hedimasta, akasonga obokima, ugali wa wimbi, akachemsha chinsaga kwa maziwa mpaka uchungu ukatoka kwenye mboga. Wake ulibaki.

Alipoingia sebuleni na sinia, Bwana Angwenyi alikuwa akiomba, macho amefumba. "Bariki chakula hiki, Bwana, na mikono iliyokiandaa."

"Amina," alisema Bi Persis.

Nyanchera hakusema amina. Mezani, chini ya sahani na glasi, walikuwa wametandazwa samaki wa baba yake, mmoja nyuma ya mwingine, pindo lote. Na kwenye pembe iliyoning'inia karibu na goti la mtahini, kwa uzi mwekundu, ilikuwa 14.

Sinia haikufika mezani. Bi Persis aliinua macho, akaona msichana anatazama wapi, akatazama huko naye. Aliishika ile pembe. Akaisoma ile nambari, akaigeuza pembe upande wa nyuma, kwa mazoea ya kazi.

"Kazi ya mama wa nyumbani hiyo," alisema Bwana Angwenyi, akimwekea paja la kuku. "Mikono yake haitulii. Ukimaliza kuandika ripoti ya shule, madam, atakushonea na wewe kama hicho."

Mke wake, Mama Walter, aliinamisha kichwa kama mtu anayesifiwa.

Nyanchera alingoja. Neno moja tu lilihitajika, na mwenye neno hilo alikuwa na kalamu kwenye mkoba.

"Kazi safi," alisema Bi Persis hatimaye. "Hii ningeipa themanini na tano." Akaikunja pembe kwa ndani isionekane, akaiachilia, akavuta sahani yake karibu. "Hebu niongezee mchuzi, msichana."

Nyanchera alimwongezea.

Landrover ilipoondoka, Mama Walter alikuja jikoni na kitambaa kimekunjwa mkononi. Mchuzi ulikuwa umemwagikia samaki wawili.

"Kifue haraka kabla mchuzi haujakauka. Na utoe hiyo uzi nyekundu hapo kwa pembe, inaharibu." Alimpa wembe.

Karai lilikuwa chini ya mfereji, nyuma ya jiko. Nyanchera alipiga magoti, akakitumbukiza kitambaa, akasugua hadi mafuta yakaelea. Kisha akaishika ile pembe, akaiweka juu ya kidole gumba, akatia wembe. Ile moja ilitoka kwa mvuto mmoja. Ile nne ilikuwa imefungwa fundo nyuma, fundo la kweli, kama Mwalimu Drusilla alivyomfundisha, na ilimbidi ainame sana ili aikate bila kutoboa kitambaa.

"Bado?" aliita Mama Walter kutoka ndani.

"Bado, mama," alijibu, na wembe ukaendelea.