Udongo wa Kibonge

Majibu ya vipimo vya nepi za watoto yalipotoka, Mama Kibonge alitamani ardhi ipasuke immeze. Watafiti walikuwa wakipima udongo ambao watoto wa mtaa ule humeza bila kukusudia, wajue kama uwanja wao wa kuchezea una madhara. Watoto wengine walionekana kumeza chembe tu. Wake, eti, alikuwa akila karibu kijiko kizima kwa siku!

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," mama mkwe alimrushia kijembe. "Unalea mjukuu wangu au unaotesha mche?"

Tangu hapo Kibonge hakukanyaga nje. Ndiyo kwanza alikuwa amejua kutembea, miguu inamwasha, lakini alishinda mgongoni au kitandani, akiwachungulia wenzake dirishani. Kila aliponyoosha mguu kuelekea mlangoni, mama alimdaka. "Chafu!" Alimwonea huruma mpaka akalia, ila kumshusha hakuthubutu.

Mtafiti mmoja alirudi mwenyewe, maana hesabu ile haikumwingia akilini. Alikagua sakafu, inang'aa. Alikagua kucha za mtoto, safi kuliko zake. Alipogeuka, Kibonge alikuwa amekumbatia dawa ya meno, anaifyonza kwa raha zake.

"Hii anapewa kila siku?"

Mama mkwe akakohoa. "Akinisumbua nikipika, nampa. Tangu aote meno."

Mtafiti akajishika kichwa. "Bibi, kwenye nepi hatuuoni udongo wenyewe. Tunapima madini yake ambayo tumbo haliyasagi. Na madini hayohayo ndiyo yanayoipa dawa hii weupe! Tumehesabu dawa ya meno tukadhani udongo. Dada, kosa ni letu, nisamehe. Uwanja tumeupima, ni salama. Mnyang'anyeni hiyo dawa, mnawisheni mikono kabla ya kula, na mwacheni acheze."

"Nimekusema bure, mwanangu," mama mkwe alinong'ona, lakini mkwewe alikwishafika nje.

Alimshusha Kibonge uwanjani. Mtoto akakunja miguu juu, akamng'ang'ania shingo.

"Chafu!" alilia. "Chafu!"

Moyo ulimchoma mama. Akavua ndala, akaketi vumbini na gauni lake safi, akachota udongo na kujimwagia miguuni. Kibonge alimkodolea macho. Kisha akateremsha mguu mmoja, na wa pili, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Mbele kidogo akaanguka kifudifudi, na mama, badala ya kukimbia kumdaka, akabaki amekaa palepale.