Pacha wa Zenaida

Eufrasia alipanda mlima mbio, shuka lake limemdondoka njiani wala hakulirudia. Mbwa walibweka huko juu bila kupumzika, akajua puma, yule paka mkubwa wa mwituni aliyekuwa akila mbuzi wa kijiji, ameshanaswa. Nyumbani alikuwa amemwacha binti yake, Zenaida, akitweta kitandani na kuparua ukuta kwa kucha tangu alfajiri.

Aliwakuta wanaume ukingoni mwa shimo. Macedonio, baba wa ubatizo wa Zenaida, alikuwa ameshaelekeza bunduki chini.

"Kaka, usipige."

"Mama Zenaida, rudi ukauguze mtoto. Huyu kanimalizia mbuzi."

"Huyo ndiye mtoto mwenyewe."

Mzee Wenceslao akaguna. "Pacha wa mwanao si sungura? Tulikula tamale hapo kwako tukimshangilia sungura. Au tulilishwa uongo?"

Mlilishwa, mzee. Mtoto akizaliwa kule Oaxaca, milimani Meksiko, majivu humwagwa kuizunguka nyumba, na mnyama atakayeacha nyayo za kwanza ndiye tona wake, pacha wa porini. Alfajiri baada ya Zenaida kuzaliwa, mamake Eufrasia aliamka kabla ya watu, akaona nyayo pana za puma, moyo ukamlipuka. Akazifagia, akachukua mguu wa sungura aliyechinjwa jana yake, akaugandamiza majivuni, Eufrasia akimtazama. Kulipokucha, Macedonio ndiye aliyezisoma nyayo zile na kutangaza kwa furaha. Kumbe mwenzao anafanywa mjinga mchana kweupe!

Eufrasia aliyasema yote, mguu wa sungura na ufagio.

"Kwa hiyo ni nahuali," kijana mmoja akasema, akirudi nyuma.

"Siyo! Nahuali hujigeuza kwa kupenda kwake, akaingia mwili wa mnyama akaenda kudhuru watu. Mwanangu hajigeuzi. Yeye yuko kitandani, huyu yuko shimoni, na uhai wao ni mmoja. Ukimpiga huyu, kaka, jioni utamchimbia kaburi yule."

Chini puma alikoroma. Kidole cha Macedonio kilibaki pale pale kwenye bunduki.

Mwishowe bunduki ikashuka. "Teremsheni gogo. Shikeni mbwa."

Puma alipanda, akawapita, akatokomea msituni. Eufrasia akaangua kilio, akamkimbilia Macedonio kumshika mkono. Macedonio akaurudisha mkono wake nyuma.

"Nilimbeba kwenye maji ya ubatizo, siwezi kumuua. Lakini ungeniambia mimi, mama. Miaka yote hii, mimi!"

"Niliogopa watasema ni nahuali."

"Na sasa hawatasema?"

Wenzake Macedonio walikuwa wamegeuka wote, wanaitazama nyumba ya Eufrasia kule bondeni.

"Mbuzi mwingine akiliwa," Macedonio akasema taratibu, "hawa hawatakuja tena kuchimba shimo huku mlimani."