Filamu Aliyoisafisha Fanuel

Fanuel alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomuudhi Léocadie kuliko yote. Mtu mbaya ungemtukana ukamaliza, ukaenda zako kula. Lakini huyu Mkenya, nesi, jirani yake pale Bordesley Green, Birmingham, ndiye aliyekuwa akimpeleka marehemu mume wake hospitali kwa gari lake mwenyewe, na ndiye aliyepanga viti vya ukumbi wa kanisa tangu asubuhi. Sasa alikuwa amesimama kando ya projekta, anatabasamu kama bwana harusi, anangoja kushukuriwa.

Ilikuwa Jumamosi ya kuondoa msiba. Mwaka ulikuwa umetimia tangu Valère azikwe. Léocadie alikuwa amevua nguo nyeusi na kuvaa kitenge kipya cha rangi ya chungwa, wanawake wakapiga vigelegele, watu wakala sombe ya majani ya muhogo na wali na samaki mpaka wakashiba. Lilibaki jambo moja tu, nalo ndilo alilolingojea mwaka mzima: binti yake Gisèle aisikie sauti ya baba yake.

Maana Gisèle hakuwahi kuisikia. Alizaliwa hapa hapa Birmingham, na alipokuwa bado ananyonya, madaktari walimpasua Valère koo ili waondoe uvimbe, na sauti ikaenda pamoja na uvimbe. Baba aliyemjua yeye alikuwa mtu wa kunong'ona na kuonyesha kwa mikono. Angejuaje kwamba kule Kadutu, mjini Bukavu, mtu huyo huyo alikuwa akiujaza ukumbi wa video wa mbao kwa mdomo wake tu? Filamu zilikuja kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna mtu pale aliyeijua, naye Valère alishika kipaza sauti akazisimulia kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Aliwasemea wote, majambazi, mapadri, wanawake, hata farasi.

Filamu waliyoipenda kupita zote ilikuwa ya msaka watu mmoja, aliyezunguka jangwani na tangazo la serikali mfukoni, akiwafuata waliotafutwa ili awalete, wazima au maiti, apewe zawadi. Valère alimpa jina la Tangazo, na jina likamganda. Ilikuwa filamu ya zamani, iliyotengenezwa harakaharaka na kujaa makosa, na kwa makosa hayo Valère alijipatia sifa. Tangazo alipochomoa bastola, saa ya kisasa ilionekana mkononi mwake. "Ile saa alinyang'anya meneja wa banque," Valère alisema. "Hata kuisoma hajue!" Farasi wa kahawia aliingia mtoni, akatokea ng'ambo akiwa mweusi. "Ule wa kwanza alikufa mu maji. Ninyi hamukuona, mulikuwa munanunua beignets kwa bibi yangu!" Watu walicheka mpaka mabenchi yakatikisika. Léocadie, aliyekuwa akiyauza hayo maandazi mlangoni, alicheka kila mara kana kwamba hajapata kuyasikia.

Siku moja mwenye ukumbi alirekodi vyote kwenye mkanda wa video, filamu na sauti ya Valère juu yake. Mkanda huo ulivuka nao mipaka, ukakaa nao kambini, ukafika Uingereza ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Mwezi uliopita Léocadie alimkabidhi Fanuel, kwa kuwa alikuwa na mashine na alikuwa mjuzi wa mambo hayo. Alimwomba aitengeneze filamu ya marehemu ili iweze kuonekana siku ya kuondoa msiba, na Fanuel akasema hiyo ni kazi ndogo.

Taa zilizimwa. Jangwa likatokea ukutani, safi kabisa, halina hata chembe ya mchanga iliyopotea. Mtu juu ya farasi akakaribia, akafungua mdomo, akasema Kiingereza.

Léocadie alingoja. Alijiambia kwamba labda sauti ya Valère inakuja nyuma kidogo. Mtu wa pili akajibu, naye kwa Kiingereza. Katika safu ya mbele Ruben aligeuka. Huyu alikuwa mteja wa kila siku wa ukumbi ule wa Kadutu, na sasa anapakia mizigo kwenye ghala moja huko Aston.

"Mama Gisèle," alinong'ona, "Valère iko wapi?"

Kabla hajajibu, Gisèle akaangua kicheko.

"Mum, look! He's wearing a watch!"

Vijana wote wakaiona ile saa, wakacheka. Mmoja akaonyesha mstari mweupe wa ndege angani, juu ya jangwa la zamani za mabehewa ya farasi. Mwingine akaona alama za matairi mchangani. Ikawa mashindano sasa, nani ataona kosa jingine, na Fanuel, mwema wa watu, akaisimamisha picha ili kila mtu aitazame ile saa vizuri.

Léocadie alikisukuma kiti nyuma. Alisimama.

"Fanuel, sauti iko wapi?"

"Si ndiyo hii, mama. Niongeze?"

"Sauti ya bwana yangu."

Fanuel aliangaza huku na huku, akitafuta mtu wa kumsaidia kuelewa. "Mama, kwa ile tape kulikuwa na mtu anapiga kelele juu ya actors. Nilidhani ni wale ma-DJ wa video za mtaani. Niliskiza dakika mbili tu, nikasema hapana, mzee hawezi kukumbukwa na kitu mbovu hivyo. Nikatafuta copy safi, original."

"Ule mtu anapiga kelele," Léocadie alisema, "ni yeye."

 Gisèle aliacha kucheka, akaishusha simu yake.

"Basi lete mkanda. Minakuuliza, mkanda iko wapi?"

Fanuel aliinamisha kichwa. Mkanda ulikuwa umeota ukungu, alisema. Na kwa sababu ya ule mgomo wa wazoa taka, taka zilikuwa zimelundikana mpaka mlangoni, kwa hiyo wiki mbili zilizopita alijaza gari, mkanda ukiwa humo humo, akaenda kuzitupa tip, jalala la mji, mwenyewe. "Nilijua hutauhitaji tena, mama. Pole sana. Sikujua."

Léocadie alitamani kumpiga. Alitamani kuipindua ile meza na projekta yake, na viti alivyovipanga, na vile vikombe vya chai alivyovileta bila kuombwa. Kwa nini hakuuliza? Mtu anaacha mambo yake, anakuja kukufanyia wema, anautupa moyo wako jalalani, na bado wewe ndiye unayetakiwa kumwambia si kitu!

"Ulimzika bwana yangu mara ya pili," alisema, "na hata hukuniita kwa mazishi."

Mchungaji akainuka, akaanza kusema habari za kusameheana.

"Nitasamehe nikimaliza kukasirika, Pasta. Na sijaanza bado. Ikaa chini."

Mchungaji akaketi. Fanuel, machozi yakimlengalenga, akajaribu tena. "Mama, siku hizi kuna app ya kumfanya mtu aongee, ukiwa na picha yake—"

"Nyamaza! Rudisha mwanzo. Toa ile Kiingereza yako yote. Lete micro."

Akampa kipaza sauti. Jangwa likarudi ukutani, safari hii kimya, na Léocadie akaanza. Hakuwa amesimulia filamu maishani mwake, lakini hasira ilimpa pumzi. Alimfokea Tangazo, akamfokea sherifu, akawapigisha kelele farasi. Saa ilipotokea, alisema habari za meneja wa banque, na watu wa Bukavu wakaruka vitini kwa furaha. Mstari wa ndege ulipotokea, alisema ni Mungu amechora mpaka, ukiuvuka huku hurudi tena kwenu, na watu wazima kadhaa wakaacha kucheka. Mtoni alipofika, Ruben alimtangulia kupiga kelele: "Tulikuwa tunanunua beignets!"

Kisha ikaja ile sehemu ya baa. Mtu aliyepigwa risasi amelala sakafuni, mjane wake amemwinamia, na kifua cha maiti kinapanda na kushuka waziwazi. Vijana walikwisha kuona, wakaanza kuguna.

"Huyu hajakufa," Léocadie alisema. "Anajifanya. Anasikiliza tu, ajue nani anamulilia kweli."

Hapo alikishusha kipaza sauti. Hakuweza kuendelea, na filamu ikaendelea bila yeye, watu wakipigana ukutani bila kutoa mlio.

Gisèle alikuja akasimama karibu naye. Alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno.

"Mama. Papa alikuwa anaongea hivi?"

Watu wote walimtazama Léocadie, na ilikuwa wazi jibu walilolitaka. Ruben alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Fanuel, kando ya projekta yake, alikuwa amekunja mikono kifuani, analingoja hilo jibu kuliko wote. Neno moja tu la uongo lingetosha, kila mtu angekwenda nyumbani na moyo mweupe.

"Hapana," Léocadie alisema kwenye kipaza sauti, ili wa nyuma nao wasikie. "Hata kidogo."